Nani aliizima Fox Kids?

Fox Kids, vipindi vya watoto vya mtandao wa televisheni wa Fox wa Marekani, ilizaliwa kutokana na ugomvi wa bata. Mwishoni mwa miaka ya 1980, katuni ya DuckTales ya Disney ilikuwa ikirushwa mchana katika vituo vingi vya Marekani, na kwa Los Angeles ilikuwa KTTV, kituo cha Fox. Disney wakanunua kituo chao wenyewe mjini humo, kile kilichokuja kuitwa KCAL, wakataka bata wao warudi nyumbani. Mkuu wa Fox wakati huo, Barry Diller, aliwahi kuwa bosi wa Michael Eisner wa Disney walipokuwa wote Paramount, na jambo lile hakulipokea kwa upole. Kama Disney wanachukua vipindi vyao, basi Fox watatengeneza vya kwao. Tarehe 8 Septemba 1990 Fox wakaanza kurusha vipindi vyao vya watoto, siku mbili tu kabla Disney hawajazindua vipindi vyao vya mchana kwa jina la The Disney Afternoon.

Watu wa rika langu huku kwetu tulizikuta kazi za Fox Kids kwenye kanda, bila kujua zimetoka kwa nani. Baadaye nilipoanza kuifuatilia historia yake, nilitaka kujua kitu kimoja tu: ilikuwaje jina lililowashika watoto wa nchi nzima likafutika ndani ya miaka 12? Nimefika mahali nina jibu langu, na nitalisema mapema. Fox Kids iliinuka wakati mtu anayewajua watoto alipokuwa na mamlaka ya kusema ndiyo. Ikaanguka mamlaka hayo yalipohamia kwa watu waliokuwa na deni la kulipa.

Kwanza ueleweke mfumo wenyewe. Televisheni ya Marekani ya wakati ule haikuwa kituo kimoja kinachofika nchi nzima. Kampuni kubwa zilimiliki vituo vichache, na vingine vyote vilikuwa vituo washirika, mali ya watu wengine waliofunga mkataba wa kurusha vipindi vya kampuni kubwa. Fox ilikuwa mgeni mjini, imeanza 1986, ikishindana na ABC, CBS na NBC zilizokuwepo tangu enzi za redio au karibu na hapo. Walipoanzisha vipindi vya watoto, waliwaingiza wenye vituo washirika kwenye mgawo wa faida. Kwa hiyo mwenye kituo kidogo katika jimbo la mbali alikuwa na sababu ya mfukoni ya kuzitoa saa za mchana, watoto wanapotoka shule, na kuzilinda. Mashabiki wanaokumbuka katuni huupita mpango huu haraka. Mimi naona bila huo kusingekuwa na hadithi.

Aliyepewa kazi ya kuziongoza saa hizo alikuwa Margaret Loesch. Alitokea Marvel Productions, studio ya katuni alikokuwa mkuu, na huko alikuwa amehangaika na mambo mawili yaliyoshindikana. La kwanza, kutafutia X-Men, mashujaa wa vitabu vya katuni vya Marvel, nafasi kwenye televisheni: walitengeneza katuni moja ya majaribio, ikarushwa 1989, hakuna aliyeagiza zaidi. La pili, yeye na Stan Lee, mwandishi mkongwe wa Marvel, walijaribu kuziuzia kampuni za Marekani vipindi vya Kijapani vya mashujaa watano wenye mavazi ya rangi na roboti kubwa. Wakubwa waliviona vya kitoto na vya bei rahisi, wakafunga mlango. Loesch alipoingia Fox hakuwa ameviacha vitu hivyo viwili. Alikwenda navyo.

Mwaka wa kwanza haukuwa wa maajabu. Kulikuwa na Bobby's World ya mchekeshaji Howie Mandel, nzuri na ya upole, na vingine ambavyo leo hakuna anayeviulizia. Mwaka uliobadili kila kitu ni 1992.

Batman ilianza tarehe 5 Septemba 1992. Ukitaka kujua kwa nini katuni ile haifanani na nyingine yoyote ya wakati wake, tazama anga yake. Wachoraji wa mandhari huchora juu ya karatasi nyeupe, wakiongeza kivuli pale panapohitajika. Bruce Timm na Eric Radomski, waliokuwa na mradi huo kwenye studio ya Warner Bros., waliagiza mandhari ichorwe juu ya karatasi nyeusi. Mchoraji alianza na giza, kisha akaongeza mwanga kidogo kidogo: dirisha moja, taa ya gari, ukingo wa jengo. Mji mzima wa Gotham ulitoka gizani hivyo. Na hii ilikuwa katuni ya saa za kutoka shule! Kevin Conroy aliitoa sauti ya Batman kwa namna mbili, moja ya tajiri mchana na nyingine ya mtu wa usiku, na Mark Hamill akampa Joker kicheko ambacho hakijapata mpinzani. Fox waliiamini kiasi cha kuirusha kwa muda jioni za Jumapili, saa za watu wazima.

X-Men ndiyo iliyomtia Loesch jasho. Alisimulia baadaye kwamba Jamie Kellner, aliyekuwa rais wa mtandao wa Fox, hakuiamini kabisa, na kwamba alijua ikianguka, kazi yake nayo imeanguka. Picha zilizorudi kutoka studio ya uchoraji Korea Kusini zilichelewa na zilikuwa na makosa mengi. Vipindi viwili vya kwanza vilirushwa kuanzia Oktoba 31, 1992 vikiwa bado na kasoro kwa sababu muda ulikuwa umekwisha, na mfululizo wenyewe ukaanza kwenda kila wiki Januari 1993. Watoto hawakujali kasoro. Walikuwa wamepewa hadithi inayoendelea wiki hadi wiki, yenye watu wanaochukiwa kwa jinsi walivyozaliwa, na shujaa mmoja, Morph, akauawa mwanzoni kabisa. Katuni za Jumamosi asubuhi hazikuwa zikifanya hivyo. Mwaka huohuo wa 1992 NBC ilikuwa imeachana na katuni za Jumamosi. Uwanja ukabaki wazi.

Kisha akaja Haim Saban na kanda yake.

Saban alizaliwa Alexandria, Misri, akakulia Israel, akaenda kutafuta maisha Paris kwenye biashara ya muziki, na pamoja na mwenzake Shuki Levy wakawa watengenezaji wakubwa wa nyimbo za kufungulia katuni. Akiwa Japani katikati ya miaka ya 1980 aliviona vile vipindi vya mashujaa watano kwenye televisheni, akanunua haki kutoka kampuni ya Toei, akazunguka nazo Marekani kwa miaka na kila aliyemwonyesha akamkatalia. Alipomwonyesha Loesch, alimwonyesha mtu ambaye tayari alikuwa amekataliwa kwa kitu hichohicho. Nadhani ndiyo sababu haikuchukua muda mrefu wakaelewana. Mighty Morphin Power Rangers ilianza Agosti 28, 1993.

Namna ilivyotengenezwa inastahili kutazamwa kwa karibu. Toei walikuwa na kipindi kiitwacho Kyōryū Sentai Zyuranger, cha 1992. Mapigano mengi ambamo mashujaa wamevaa kofia ngumu na mavazi ya rangi yalichukuliwa huko, kwa sababu nyuso hazionekani, kwa hiyo haijalishi aliye ndani ni nani. Roboti zinazopigana juu ya majengo nazo ni za huko. Sehemu ambazo vijana wako shuleni, wanakunywa juisi, wanabishana, zilipigwa California kwa waigizaji wa Kimarekani. Halafu vipande viwili vinaunganishwa na sauti mpya inawekwa. Ukitaka kuuona mshono, mtazame wa njano. Marekani alikuwa msichana, Trini, aliyeigizwa na Thuy Trang. Japani shujaa wa njano alikuwa mwanamume. Ndiyo maana wa waridi ana sketi kwenye vazi lake na wa njano hana.

Na wa kijani! Kwenye kipindi cha Kijapani shujaa wa kijani anakufa. Marekani watoto walimpenda Tommy, aliyeigizwa na Jason David Frank, kiasi kwamba haikuwezekana. Wakamnyang'anya nguvu, wakamrudisha, kisha wakamgeuza kuwa mweupe kwa kutumia vazi la kipindi kingine cha Toei. Mapigano ya Zyuranger yalipoisha, Saban aliwalipa Wajapani wapige mengine mapya kwa ajili yake tu.

Sisi tulikuwa tunajua sheria hiyo bila kufundishwa na mtu: steringi hafi. Tanzania Bara haikuwa na televisheni yake mpaka 1994, na hata baada ya hapo nyumba nyingi mtaani kwetu hazikuwa na seti. Tulitazamia kwenye kibanda umiza, mabenchi ya mbao, deki ikiwa imefungiwa ndani ya kimia cha chuma, joto la kutosha kuivisha mahindi. Kanda za Power Rangers zilikuja na watu waliotoka Dubai na Muscat. Mwenye kibanda alikuwa akiziweka mchana kwa ajili ya watoto, kabla ya filamu za kareti za wakubwa, na alijifunza haraka kwamba hawezi kuisimamisha kanda katikati ya pambano la roboti, maana zogo lake lilisikika hadi barabarani. Kiingereza tulikuwa hatukijui. Mkubwa mmoja alikaa mbele akitueleza, na mengi aliyoyaeleza aliyatunga mwenyewe. Nje tuligawana rangi. Ugomvi ulikuwa juu ya mwekundu na wa kijani. Mweusi hakuna aliyemgombania, na dada yangu alidai njano kwa nguvu zote kwa sababu ya Trini. Nakumbuka hivyo kwa sababu kwenye kanda nyingine zote pale kibandani hakukuwa na msichana anayepiga watu akashinda.

Huko Marekani mambo yalikuwa yanafurika. Krismasi za 1993 na 1994 vinyago vya Power Rangers vya kampuni ya Bandai viliadimika madukani na wazazi walipanga foleni. New Zealand wakakiondoa kipindi hewani kwa sababu ya mapigano, na Canada baraza la viwango la watangazaji likatoa uamuzi dhidi yake. Waigizaji watatu wa mwanzo, Trang, Austin St. John na Walter Jones, waliondoka 1994 kwa mzozo wa malipo. Hili la mwisho linaniuma. Vijana ambao nyuso zao zilikuwa kwenye mabegi ya shule dunia nzima walikuwa wanalipwa mshahara mdogo usio wa chama cha waigizaji, huku wenye haki wakihesabu mamilioni. Uovu uliokuja kuimaliza Fox Kids ulikuwa umeshaonyesha sura yake hapo.

Kwa miaka kama mitatu hakukuwa na wa kuwagusa. Spider-Man ikaingia 1994, The Tick ikaingia mwaka huohuo, Goosebumps ikaingia 1995. Lakini ufa wa kwanza ulikuwa umeshapigwa, na aliyeupiga ni mtu wa ndani. Jamie Kellner aliondoka Fox 1993 kwenda kuunda mtandao wa The WB wa Warner Bros., ulioanza kurusha Januari 1995. Septemba ya mwaka huo wakafungua Kids' WB, sehemu yao ya watoto. Animaniacs, iliyokuwa ikitamba Fox Kids, ilikuwa mali ya Warner, ikahama. Batman nayo ikafuata 1997. Fox walikuwa wamejenga jina kwa vipindi ambavyo hawakuvimiliki, na mwenye navyo alipopata uwanja wake alikuja kuvichukua. Ni ugomvi uleule wa bata, safari hii Fox wakiwa upande wa kunyang'anywa.

Jibu la Fox lilikuwa kumiliki. Mwaka 1996 wakaungana na kampuni ya Saban, ikazaliwa Fox Kids Worldwide. Kwa karatasi ilikuwa akili: vipindi, haki, vinyago na soko la nje chini ya paa moja. Oktoba 1996 chaneli ya Fox Kids ikafunguliwa Uingereza, na nchi nyingine za Ulaya zikafuata. Tatizo lilikuja 1997, pale kampuni hiyo mpya ilipoinunua International Family Entertainment, yenye chaneli ya kebo ya The Family Channel, kwa dola bilioni 1.9. Mwanzilishi wake alikuwa mhubiri Pat Robertson, na mkataba ulimbana kila atakayekuja kuimiliki chaneli hiyo aendelee kurusha kipindi chake cha dini, The 700 Club, kila siku. Agosti 1998 ikawa Fox Family Channel. Watazamaji wa zamani, wengi wao watu wazima waliopenda filamu tulivu za kifamilia, wakaondoka. Watoto waliotarajiwa hawakuja kwa idadi ya kutosha, kwani Nickelodeon na Cartoon Network walikuwa wameshaweka kambi kwenye kebo. Mwaka 1999 wakaanzisha chaneli mbili zaidi, moja ya wavulana na moja ya wasichana, zikafungwa 2000.

Hapo ndipo naweka kidole. Kabla ya ununuzi ule, swali kwenye meza ya Fox Kids lilikuwa kipindi gani watoto watakikimbilia. Baada yake swali likawa deni litalipwaje. Loesch aliondoka mwishoni mwa 1997, na baada ya hapo siwezi kumtaja mtu mmoja ambaye ningesema, huyu ndiye aliyekuwa akiamua kwa niaba ya mtoto.

Tazama kilichofuata. Februari 1999 Kids' WB wakaanza kurusha Pokémon na Jumamosi zikawa zao. Fox wakajibu Agosti kwa Digimon, ambayo mimi naipenda kwa dhati. Hadithi ya watoto saba waliopotea ugenini na baadaye wa nane, wakilia, wakigombana, wakirudiana. Lakini Spider-Man Unlimited ya mwaka huohuo iliondolewa baada ya vipindi vichache, ikarudishwa baadaye, na hadithi yake haijawahi kumaliziwa. Mwaka 2000 wakaichukua Escaflowne, kazi ya Kijapani yenye utulivu na huzuni, wakaruka sehemu kubwa ya kipindi cha kwanza, wakabadilisha muziki, wakaikata ili iende mbio, kisha wakaitoa hewani kabla haijaisha. Ukilinganisha na subira waliyoionyesha X-Men ilipofika na kasoro zake, utaona ni nyumba nyingine kabisa, ingawa mlangoni jina ni lilelile.

Wenye vituo washirika nao walikuwa wamechoka. Sheria za shirikisho ziliwataka kuanzia 1997 warushe saa tatu kwa wiki za vipindi vya elimu kwa watoto, na saa za mchana zilikuwa na wateja wengine wenye fedha zaidi: vipindi vya mazungumzo, vipindi vya mahakamani, taarifa za habari. Ule mvuto wa mfukoni uliowafunga kwa Fox Kids 1990 haukuwepo tena.

Julai 2001 Disney wakatangaza kuinunua Fox Family Worldwide yote, jina jipya la Fox Kids Worldwide. Bei ilikuwa kama dola bilioni 5.2, na kati ya hizo bilioni 2.3 zilikuwa deni ambalo Disney walilibeba. Saban mwenyewe aliondoka na takriban dola bilioni 1.5. Eisner alitaka chaneli ya kebo ya kurudia vipindi vya ABC, mtandao wa Disney. Power Rangers na maelfu ya katuni vilikuja kama nyongeza. Biashara ilikamilika Oktoba. Mwishoni mwa mwaka vipindi vya siku za kazi vikakoma. Jumamosi ziliendelea kusuasua mpaka Septemba 7, 2002, na wiki iliyofuata Fox ikazikodisha saa zile kwa kampuni ya 4Kids, zikapewa jina la FoxBox. Hapakuwa na kipindi cha kuwaaga watoto. Walioamka Jumamosi ile walikuta jina jingine.

Ulaya jina liliishi kidogo zaidi. Kampuni ya Fox Kids Europe ilikuwa na hisa zake kwenye soko la Amsterdam tangu 1999, lakini Disney hawakuwa na sababu ya kuendelea kulitangaza jina la mshindani. Mwaka 2004 wakaleta jina jipya, Jetix, na Fox Kids ikafutwa nchi baada ya nchi. Jetix nayo ikaanza kufutwa 2009, nchi nyingi ikiipisha Disney XD. Mtoto wa Ulaya aliyekuwa na miaka sita mwaka 2003 aliona chaneli yake ikibadilishwa jina mara mbili kabla hajafika kidato.

Hesabu za baadaye ndizo zinazonishangaza. Mwaka 2010 Saban aliinunua tena Power Rangers kutoka Disney kwa takriban dola milioni 43. Mwaka 2018 akaiuzia kampuni ya vinyago ya Hasbro Power Rangers pamoja na mali nyingine za namna hiyo kwa dola milioni 522. Disney walikuwa na kitu hicho mkononi kwa miaka tisa na hawakujua wafanye nacho nini. Loesch naye alirudi kuongoza chaneli ya The Hub, iliyoanza 2010, akaiwekea ratiba yenye baadhi ya kazi zilezile za zamani, Batman na Animaniacs zikiwemo, hadi 2014. Mwaka huohuo, Septemba, mtandao wa CW ukaondoa katuni zake za Jumamosi asubuhi, na kwa mitandao mikubwa ya Marekani desturi hiyo ikaishia hapo.

Machi 2024 Disney wakatoa X-Men '97, mwendelezo wa hadithi palepale ilipokuwa imeachwa, na Cal Dodd akarudi kuwa sauti ya Wolverine zaidi ya miaka 30 tangu alipoanza. Nimeitazama yote. Ni nzuri kweli, na inanipa hasira kidogo, kwa sababu inathibitisha kwamba watazamaji walikuwepo muda wote.

Kama nyumbani kwako kuna mtoto wa miaka minane au tisa, ningeshauri uanze na Batman ya 1992, kipindi kiitwacho "Heart of Ice". Paul Dini alikiandika na kikampa tuzo ya Emmy ya mchana. Kinamhusu Victor Fries, mwanasayansi anayelipiza kisasi kwa tajiri aliyemharibia jaribio la kumwokoa mkewe mgonjwa. Ni dakika kama 22 tu. Kaa naye umtafsirie, maana atauliza kama yule ni mtu mbaya au si mtu mbaya, na mtakuwa na la kuzungumza mpaka wakati wa kulala.